Kulipia Chuo Kikuu Tanzania: Kazi Inayoanza Kabla ya Matokeo ya Kidato cha Sita

Kila mwaka, kuanzia Julai hadi Oktoba, steshenari zilizo karibu na ofisi za wilaya hujaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Mmoja anaskani cheti cha kuzaliwa, mwingine anasubiri fomu itoke kwenye printa, na pembeni hakosekani aliyekwisha kugundua kwamba cheti chake cha kuzaliwa kinamwita Rehma ilhali cheti cha kidato cha nne kinamwita Rehema. Herufi hiyo moja inaweza kumchukua wiki kadhaa za kwenda na kurudi, na wiki hizo hana, kwa sababu dirisha la maombi ya mkopo haliwi wazi muda wote.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwanafunzi anayetarajia kuanza shahada ya kwanza katika chuo kilichopo Tanzania, pamoja na mzazi au mlezi atakayebeba mzigo huo naye. Nimewasaidia vijana kadhaa wa ukoo wetu kupita njia hii, na jambo ninalolisisitiza kuliko mengine ni kwamba fedha ya chuo hutafutwa kwa karatasi kabla haijatafutwa kwa mtu yeyote, na karatasi hizo zinapaswa kuwa tayari kabla matokeo hayajatangazwa.

Anza na hesabu, siyo na fomu

Watu wengi hutaja ada peke yake wanapozungumzia gharama za chuo, na hapo ndipo wanapokosea. Katika vyuo vikuu vya umma, ada ya shahada nyingi huzunguka kati ya shilingi milioni moja na milioni moja na nusu kwa mwaka, kutegemea fani. Katika vyuo binafsi ada ni kubwa zaidi, na kwa udaktari wa binadamu tofauti hiyo ni ya mara kadhaa. Lakini mwanafunzi hali ada. Anahitaji kula, kulala, kusafiri, kuchapisha kazi zake, na siku hizi anahitaji kompyuta mpakato, kwa kuwa si rahisi kumaliza shahada ya uhandisi au ya takwimu kwa simu ya mkononi.

Kisha ipo michango midogo midogo ambayo barua ya udahili huiorodhesha chini ya ada, na ambayo wengi huisoma wakiwa tayari wamesimama kwenye foleni ya usajili: ada ya uthibiti ubora ya Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), shilingi 20,000 kwa mwaka, bima ya afya ya mwanafunzi kupitia Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), shilingi 50,400 kwa asiye na bima nyingine, usajili, mitihani, kitambulisho, na mchango wa serikali ya wanafunzi. Mkopo wa serikali haukuwekwa kwa ajili ya hayo. Kwa hiyo hata anayepata mkopo wa kutosha bado anahitaji fedha taslimu siku ya kwanza.

Chukua karatasi uigawe safu mbili. Upande mmoja andika gharama za mwaka mzima, siyo za muhula; upande wa pili andika kila chanzo unachokitegemea na mwezi ambao fedha hiyo itaingia mkononi. Usiruke safu ya mwezi, maana familia nyingi hukwama Oktoba na Novemba, wakati ahadi zote ni za Januari.

Mkopo wa Bodi

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 9 ya 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kwa mwaka wa masomo 2024/25 ilitengewa takriban shilingi bilioni 787. Ni fedha nyingi, lakini waombaji nao ni wengi, na ndiyo maana Bodi haigawi sawa kwa wote: hupima uhitaji wa kila mwombaji kutokana na alichokiandika na alichokithibitisha, kisha humpangia kiasi. Yupo anayepata karibu kila kitu, yupo anayepata fedha ya kujikimu na sehemu tu ya ada, na yupo asiyepata kabisa.

Mkopo hugawanywa katika mafungu: chakula na malazi, ada ya mafunzo, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo, na utafiti kwa fani zinazohusika. Fungu la chakula na malazi, ambalo wanafunzi wote huliita *boom*, limepandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Fungu la vitabu na viandikwa ni shilingi 200,000 kwa mwaka.

Masharti ya msingi ni machache. Mwombaji awe Mtanzania, asiwe amezidi umri wa miaka 35, awe amepata udahili wa masomo ya muda wote katika chuo kinachotambuliwa, na asiwe na ajira au kipato rasmi cha kumlipia. Aidha, awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita. Mwongozo wa kila mwaka huyapanga pia masomo katika makundi ya kipaumbele, ambapo afya, ualimu wa sayansi na uhandisi vimekuwa mbele. Usome mwongozo wa mwaka wako mwenyewe, tena usome wote; wa kaka yako aliyeingia chuo miaka mitatu iliyopita huenda una masharti yaliyokwisha kubadilika.

Sasa tuje kwenye karatasi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wanafunzi wenye uhitaji mkubwa wanapopotezea haki yao.

Cheti cha kuzaliwa hakitoshi kuwapo. Kinapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, ambao humpa mwombaji namba ya uhakiki ya kuingiza kwenye fomu ya mkopo. Kwa aliyezaliwa Zanzibar, kazi hiyo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Uhakiki huombwa kwa njia ya mtandao na majibu huchukua siku kadhaa, zaidi pale ambapo maelfu wanaomba kwa wakati mmoja. Hakuna kinachokuzuia kuuomba Machi au Aprili, ukiwa bado shuleni, ilimradi mzazi akusaidie kuskani cheti.

Yatima, au aliyefiwa na mzazi mmoja, anahitaji cheti cha kifo kilichohakikiwa vivyo hivyo. Binti wa marehemu dada yangu alifiwa na baba yake akiwa darasa la tano. Mzee alizikwa kijijini, watu wakarudi mashambani, na hakuna aliyekumbuka kwamba kifo nacho husajiliwa. Miaka tisa baadaye binti huyo alikuwa yatima kwa kila mtu aliyemfahamu isipokuwa kwenye fomu, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuonyesha. Ilitulazimu kupata barua ya mtendaji wa kijiji, maelezo ya ndugu wawili walioshuhudia mazishi, na safari tatu kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya, ambako Katibu Tawala wa Wilaya ndiye msajili wa vizazi na vifo. Cheti kilitoka siku nne kabla ya dirisha kufungwa. Kama katika familia yako kuna kifo ambacho hakikusajiliwa, acha kusoma hapa uanze kulishughulikia hilo kwanza.

Mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, anahitaji fomu maalumu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Anayetoka kaya inayonufaika na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, anahitaji namba ya kaya yake, ambayo mara nyingi anayeihifadhi ni bibi, siyo mwanafunzi. Aliyesoma sekondari kwa kufadhiliwa anahitaji barua ya mfadhili, na hili halina mzaha: Bodi huangalia ulikosoma, na mtoto wa mama muuza mchicha aliyesomeshwa na shirika katika shule ya ada kubwa, asipoweka barua hiyo, ataonekana kwenye mfumo kama mtoto wa tajiri.

Kuhusu majina, kanuni ni moja: herufi kwa herufi, na kwa mpangilio uleule. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kinatofautiana na vyeti vya shule, mwone wakili mapema akuandalie hati ya kubadili au kuthibitisha majina na kuisajili. Namba ya mtihani wa kidato cha nne nayo iwe moja katika maombi yote, ya chuo na ya mkopo. Waliorudia mtihani huwa na namba mbili, hutumia moja TCU na nyingine Bodi, kisha hukaa wakisubiri jina lisilotokea, kwa kuwa mifumo hiyo miwili inawaona kama watu wawili tofauti.

Fomu yenyewe hujazwa kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo kwa mtandao. Mwombaji hutengeneza namba ya malipo, hulipa shilingi 30,000 kwa simu au benki, hujaza taarifa, kisha huchapisha fomu ili isainiwe. Saini zinazotakiwa ni zake mwenyewe, za mdhamini ambaye kitambulisho na picha yake huambatishwa, za kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na za wakili au hakimu anayeshuhudia kiapo. Zikishakamilika, kurasa zilizosainiwa hupandishwa tena kwenye mfumo. Kagua mhuri wa mtaa kama unasomeka. Kagua kama kila ukurasa umeskaniwa ukiwa umenyooka, bila kidole cha mtu pembeni. Halafu kabla hujaondoka steshenari, fungua akaunti yako uone hali ya ombi, kwa sababu wapo waliojaza kila kitu na kusahau kubonyeza kitufe cha mwisho cha kuwasilisha. Nywila uitunge na kuitunza wewe, siyo kijana wa steshenari.

Kuna jambo lingine linalowabana wahitimu wa kidato cha sita. Wengi wao huitwa kwenye mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria katikati ya mwaka, na huwa kambini Ruvu, Makutupora, Mafinga au Bulombora wakati dirisha la maombi liko wazi, mbali na mtandao na mbali na mwenyekiti wa mtaa wao. Anayekwenda kambini amwachie mtu mmoja anayemwamini nyumbani bahasha yenye nakala za vyeti vyote, namba za uhakiki za RITA, picha ndogo, kitambulisho cha mdhamini na barua pepe inayotumika. Mtu huyo ajue pia kwamba namba ya simu iliyosajiliwa kwenye mfumo iwe hewani. Laini iliyozimwa miezi mitatu haipokei ujumbe wa mtu yeyote.

Majina yakitoka, na yasipotoka

Bodi hupanga mikopo kwa awamu, na mwombaji huona matokeo yake kwenye akaunti yake binafsi inayoitwa SIPA. Kukosa awamu ya kwanza si mwisho wa safari. Mara nyingine sababu ni udahili tu: aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hatapangiwa mkopo mpaka athibitishe chuo kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa kwa simu. Mara nyingine ni kiambatisho kisichosomeka, na mfumo hutoa nafasi ya kurekebisha kwa siku chache ambazo tangazo lake hupita haraka.

Awamu zikiisha, hufunguliwa dirisha la rufaa kwa aliyekosa kabisa na kwa aliyepangiwa kidogo. Rufaa ni mahali pa kuleta ushahidi mpya au ushahidi uliosahaulika. Insha ya machozi isiyo na kiambatisho haina uzito hapo. Ukurasa mmoja wa hospitali unaoonyesha kwamba mzazi aliyekuwa akilipa ada amepooza una uzito. Aliyekosa mwaka wa kwanza na akafaulu kuendelea anaweza kuomba tena mwaka wa pili, na nimewaona waliopata hivyo.

Kwa Mzanzibari upo mlango wa pili, yaani Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 3 ya 2011. Wanaosoma stashahada nao wakumbukwe: tangu 2023/24 HESLB imekuwa ikiwakopesha pia wanafunzi wa ngazi hiyo katika baadhi ya fani za kipaumbele kama afya, ualimu na kilimo.

Fedha isiyorudishwa

Ufadhili ni mzuri kuliko mkopo, lakini hupatikana na wachache, kwa hiyo usiuache mkopo kwa kuusubiri. Ulio karibu zaidi na mhitimu wa kidato cha sita ni Samia Scholarship, ulioanza mwaka wa masomo 2022/23 kwa wanafunzi waliofaulu vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba. Huchaguliwa kwa matokeo ya mtihani na husimamiwa na Bodi hiyohiyo. NMB Foundation nayo ina mpango wa Nuru Yangu kwa wanafunzi wenye ufaulu mzuri na hali duni.

Kwa nje ya nchi, Wizara ya Elimu hutangaza nafasi zinazotolewa na serikali rafiki, zikiwamo za China, Hungary na Algeria. Türkiye Bursları ya Uturuki hupokea maombi ya shahada ya kwanza moja kwa moja kwa mtandao bila ada, kwa kawaida mwanzoni mwa mwaka, na kwa ngazi hiyo hutaka mwombaji awe chini ya miaka 21. Mastercard Foundation Scholars Program huendeshwa kupitia vyuo, kikiwamo Makerere, na kila chuo huweka tarehe zake.

Tahadhari moja itakuokolea miezi. Majina ya ufadhili yanayosikika sana mitaani, kama Chevening ya Uingereza, Erasmus Mundus ya Ulaya na sehemu kubwa ya DAAD ya Ujerumani, ni ya shahada ya uzamili na kuendelea. Chevening hudai hata uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Kijana wa kidato cha sita anayezijaza fomu hizo anapoteza muda ambao angeutumia kusahihisha jina lake RITA.

Na yeyote anayekuambia utume fedha kwenye namba yake ya simu ili "akusukumie jina", awe anajitambulisha kwa cheo gani, ni tapeli. Malipo ya Bodi ni yale shilingi 30,000 kwa namba ya malipo inayotolewa na mfumo, basi.

Ukoo, vikundi na njia ndefu

Jirani zetu wa Kenya huomba basari kwenye mfuko wa jimbo la mbunge, na Watanzania wengi hudhani mambo ni hivyohivyo huku. Sivyo. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uliwekwa kwa ajili ya miradi ya wananchi, kama madarasa na visima, siyo kwa ada ya mtu mmoja mmoja. Mbunge anaweza kukusaidia kutoka mfukoni mwake, lakini hilo ni hisani, na hisani haiandikwi kwenye bajeti.

Kinachobaki ni ukoo, na hapa nina manung'uniko yangu ya siku nyingi. Tunaunda kamati ya harusi yenye mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tunachapisha kadi za michango, tunafuatilia ahadi kwa simu mpaka shilingi ya mwisho, halafu mtoto akipata chuo kila mmoja anasema "tutaangalia". Itumieni kamati ileile. Ndugu wanne wakijifunga kutoa shilingi 50,000 kila mmoja kwa miezi kumi, ni shilingi 2,000,000, ambayo katika vyuo vingi vya umma hulipa ada ya mwaka na kubakiza ya kununulia kompyuta iliyotumika. Ahadi ziandikwe na tarehe ziwekwe. Fedha iende moja kwa moja kwenye namba ya malipo ya chuo, na risiti itumwe kwenye kundi la ukoo ili mchangiaji aone kazi ya fedha yake. Asiyeona risiti hachangi mara ya pili.

Mzazi aliye kwenye kikoba au SACCOS aulize mapema kiwango anachoweza kukopa na lini, maana vikundi vingi hugawana na kufunga mwaka Desemba, wakati chuo hufunguliwa Oktoba. Na mzazi ambaye mtoto wake bado yuko darasa la pili ana silaha ambayo wengine hawana tena, nayo ni muda: Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, ulianzishwa 2008 kwa ajili ya uwekezaji wa namna hiyo, na hupokea fedha kidogo kidogo.

Vyuo vingi huruhusu ada ilipwe kwa awamu. Usisubiri kuzuiwa mlango wa mtihani ndipo ujieleze. Nenda kwa mhasibu au mlezi wa wanafunzi mapema katika muhula, ukiwa na barua na ratiba ya malipo unayoweza kuitimiza kweli.

Ipo pia njia ndefu, ambayo sioni sababu ya kuionea aibu. Mtu anaweza kusoma stashahada kwanza, akapata kazi, kisha akaendelea na shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, kilijengwa hasa kwa ajili ya anayefanya kazi huku anasoma, na kina vituo mikoani, kwa hiyo mwanafunzi wa Sumbawanga au Songea hana haja ya kulipia chumba Dar es Salaam. Njia hii inadai nidhamu kuliko ile ya kukaa chuoni, kwa sababu hakuna kengele wala mwenzako wa chumba wa kukuamsha.

Boom likishaingia

Fedha ya kujikimu hutolewa kwa mafungu, na fungu la siku 60 kwa kiwango cha 10,000 ni shilingi 600,000. Kijana ambaye hajawahi kushika laki moja anajikuta nazo sita kwa siku moja. Wiki ya kwanza ni chipsi kuku na viatu vipya; wiki ya sita ni wali maharage wa kukopa kwa mama ntilie. Mikeka ya kubeti nayo ina sehemu yake katika habari hii, na kila mwanafunzi wa mwaka wa pili anamjua mtu.

Njia inayofanya kazi ni ya kizamani. Siku fedha inapoingia, lipa kodi ya chumba hadi mwisho wa muhula, nunua mchele, maharage, mafuta na sabuni za mwezi mzima, kisha kiasi kilichobaki kigawe kwa wiki na ukiweke kwenye akaunti ambayo kadi yake huibebi mfukoni. Hosteli ya chuo, ikipatikana, ichukue, hata kama mtalala wanne chumba kimoja. Geto la mtaani ni huru zaidi, lakini mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na umeme, maji na nauli ni juu yako.

Fungu la kwanza halimsubiri mwanafunzi getini. Hutoka baada ya usajili na kusaini, na aliyehama chuo au kozi husubiri zaidi mpaka mkopo wake uhamishwe. Kwa hiyo fika na fedha ya kula ya wiki nne angalau. Asiyekuwa nayo ndiye anayekimbilia mikopo ya kwenye simu, ile inayochukua majina ya watu wote kwenye simu yako na kuwatumia ujumbe wa kukuaibisha ukichelewa kulipa. Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za namna hiyo zisizo na leseni Novemba 2024. Kazi ndogo ni bora kuliko deni hilo: tuisheni ya hisabati kwa watoto wa jirani, kuchapa kazi za wenzako, kuuza vocha au nguo za mtumba jioni. Isipokuwa kazi hiyo isikule mpaka usiku wa mtihani, kwa sababu mkopo hufuata matokeo, na anayedisko, yaani anayeondolewa chuoni kwa kufeli, anabaki na deni bila shahada.

Deni lenyewe

Mkopo ni mkopo. Tuchukue mwanafunzi wa shahada ya miaka mitatu aliyepangiwa ada yote ya 1,300,000, mafungu manne ya kujikimu ya 600,000 na vitabu 200,000. Hiyo ni shilingi 3,900,000 kwa mwaka, na 11,700,000 kwa miaka mitatu. Akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kupeleka Bodi. Kwa mshahara wa 800,000, makato ni 120,000 kwa mwezi, na deni litachukua miezi 98, yaani miaka minane na kidogo. Aliyejiajiri hulipa mwenyewe, kwa kiwango kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi.

Hesabu hiyo ina nafuu moja ambayo kaka na dada zetu hawakuipata. Awali deni liliongezewa asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na wapo waliolipa miaka mitano wakakuta salio halijasogea. Tozo hiyo ilifutwa 2021, kwa hiyo sasa kila shilingi inayokatwa inapunguza deni.

Mwajiri wako wa kwanza akishaanza kukata, omba taarifa ya deni Bodi baada ya miezi mitatu uilinganishe na hati zako za mshahara mstari kwa mstari. Makato yaliyotoka kwenye mshahara lakini hayajaonekana kwenye akaunti yako ni rahisi kufuatiliwa mhasibu akiwa bado anakumbuka jina lako. Hati hizo zitunze zote mpaka siku utakapopewa barua ya kumaliza deni, kwenye bahasha ileile ya kaki yenye cheti cha kuzaliwa.